Korongo Taji na Maji Yasiyotulia ya Kitale

Msikilizaji wa Kitale, Kiminini, Kachibora, Kimilili, Webuye na Bungoma mjini, ndege wa mazungumzo haya umemwona mara nyingi. Baada ya mavuno hutembea wawili wawili katikati ya mabua ya mahindi, hatua za taratibu, miguu mirefu myeusi, shingo ya kijivu, mashavu meupe yenye doa jekundu, na kichwani taji la nyuzi za rangi ya dhahabu. Huyo ni korongo taji. Ng'ambo ya Mlima Elgon, Waganda wamemweka katikati ya bendera ya nchi yao, na timu yao ya taifa ya kandanda inaitwa kwa jina lake. Upande huu wa mlima hana bendera, lakini kwao panajulikana: vinamasi vya Trans Nzoia, mabonde ya mito inayoteremka kuelekea Bungoma, na mashamba yaliyo kati yake.

Shida yake inaanzia kwenye kiota.

Korongo aliyekomaa hana makuu. Anakula mbegu za nyasi, panzi, minyoo, vyura na punje za mahindi zilizodondoka wakati wa kuvuna. Usiku hulala juu ya mti, jambo ambalo korongo wa jamii nyingine duniani hawaliwezi. Yeye na ndugu yake mweusi wa Afrika Magharibi na Sudan ndio pekee wenye kidole cha nyuma kirefu cha kushikia tawi. Kwa hiyo anaweza kuonekana katika shamba la ng'ombe, kando ya barabara kuu, hata uwanja wa shule. Akifika wakati wa kutaga, uhuru wote huo unakwisha. Sasa ni lazima apate kinamasi, na kinamasi chenyewe kiwe na maji ya kina fulani, yasiyopungua na yasiyozidi.

Dume na jike hutafuta mahali ambapo ndago na matete yamesimama marefu na maji yanafika magotini mwa mtu au kupita kidogo. Hukanyaga majani pande zote, huyang'oa, huyarundika, mpaka linatokea jukwaa la upana wa karibu mita moja lililoinuka juu ya maji. Hapo jike hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne. Yanapotoka yana weupe wenye ubuluu kwa mbali. Baada ya siku chache yamegeuka rangi ya kahawia kwa tope la miguu ya wazazi. Dume na jike huyalalia kwa zamu kwa siku 28 hadi 31. Majani yakiwa yamesimama vizuri, mtu anaweza kupita karibu na asijue kuna ndege mwenye urefu wa mita moja aliyejikunja humo ndani. Vifaranga wakianguliwa huanza kutembea katika siku ya kwanza, lakini kupaa ni habari nyingine: wengine huchukua miezi miwili, wengine hukaribia siku mia moja.

Jumlisha, msikilizaji. Tangu yai la kwanza hadi kifaranga kuinuka hewani ni miezi mitatu hadi minne na siku kadhaa. Mwezi wa kwanza maji ndiyo boma la kiota: mbwa hataki kuyavuka, nguchiro hataki kuyavuka, ng'ombe hawezi kufika kukanyaga mayai, na mtoto wa shule huogopa kuzama. Miezi inayofuata kinamasi hicho hicho ndicho maficho ya vifaranga wasioweza kuruka. Maji yakishuka mapema, boma limevunjwa. Yakipanda ghafla, mayai yameelea na kuchukuliwa na mkondo.

Katika Afrika Mashariki ndege huyu hutaga karibu miezi yote ya mwaka, ila zaidi katika vipindi vya ukavu kuliko wakati wa mvua kubwa. Mantiki yake ni rahisi kuiona ukiwa Kitale. Mvua za huku huanza Machi au Aprili na kuendelea, kwa kupanda na kushuka, hadi Oktoba. Zikikatika, kinamasi kilichoshiba bado kina maji, lakini hakuna tena mafuriko ya kuogopwa. Kwa karne na karne ndege ametegemea mpango huo: mbingu zikitulia, ardhi itatunza maji kwa muda wa kutosha kulea.

Mpango huo sasa unayumba pande zote mbili.

Wastani wa joto nchini Kenya umepanda kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi tangu mwaka 1960. Kwa masikio ya mtu wa Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari ambako sweta bado huvaliwa asubuhi, nyuzi moja inaweza kusikika kama jambo dogo. Kwa kinamasi si dogo. Joto likizidi, maji hupanda hewani kwa kasi zaidi, na kidimbwi kilichokuwa kikivuka Januari na Februari huanza kuonyesha tope mapema. Na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvua inaponyesha huelekea kumwagika kwa kishindo, nyingi kwa saa chache, kuliko kudondoka kwa siku nyingi za utulivu.

Wakazi wa eneo hili hawahitaji kuelezwa kishindo hicho kwa michoro. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto lisilo la kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa, na tofauti hiyo ikaivuta mvua kwetu kwa nguvu. Miezi ambayo wakulima wa Trans Nzoia hutarajia kuanika mahindi ikageuka ya matope. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 50 katika kaunti jirani ya Pokot Magharibi. Mvua haikukoma hapo. Iliunganika na masika ya 2020, na mwezi Mei mwaka huo Ziwa Viktoria likafikia kimo kilichovunja rekodi iliyowekwa mwaka 1964. Mbele ya misiba ya watu, kiota cha ndege hakiwezi kuwekwa kwenye mizani. Lakini ni maji yale yale, yaliyokuja katika miezi ile ile ambayo korongo alikuwa akingoja utulivu.

Hapa inafaa kutembea kidogo mbali na Kitale, kwa sababu ndege wanaotaga penye maji wamebanwa hivyo hivyo kwingine, na kila mahali kubanwa huko kuna sura yake.

Katika vinamasi vya chumvi vya pwani ya mashariki ya Marekani kuna shomoro anayejenga kiota chake ndani ya majani ya ufukweni, inchi chache tu juu ya tope. Maisha yake yamepangwa kwa mwezi wa angani. Bamvua kubwa ikishapita, ana siku kama 28 kabla ya bamvua nyingine kubwa: ajenge, atage, aangue, alishe, na makinda yapande juu ya majani kabla maji hayajarudi. Hakuna siku ya ziada katika hesabu hiyo. Kadiri bahari inavyopanda, bamvua zilizokuwa za kawaida nazo zinafika kiotani, na idadi ya shomoro hao ilipungua kwa takriban asilimia 9 kila mwaka kati ya 1998 na 2012. Upande wa pili wa Atlantiki, katika pwani ya Wadden inayoanzia Uholanzi, ikapita Ujerumani hadi Denmark, watafiti walionyesha mwaka 2010 kwamba maji makuu ya majira ya kiangazi yamekuwa yakipanda haraka kuliko wastani wa bahari yenyewe, hivyo viota vya ndege wa ufukweni husombwa mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Na hapa Kenya, mtu aliyefika Nakuru siku za karibuni anajua kwamba ziwa lililokuwa na ukingo wa rangi ya waridi kwa wingi wa heroe limepanda hadi kumeza barabara na malango. Heroe hawapendi maji mengi matamu. Chakula chao ni viumbe vidogo vya maji ya magadi, na maji ya mvua yanapoyazimua maziwa, chakula hupungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti za zaidi ya miaka ishirini juu ya maziwa 22 ya Afrika Mashariki, ulithibitisha kwamba chakula hicho kinapungua katika maziwa mengi muhimu na kuwasukuma ndege hao kwenda kwingine.

Shomoro wa Marekani hana la kufanya mbele ya bahari. Heroe wa Nakuru hana la kufanya mbele ya ziwa lililojaa. Korongo wa Kitale yuko katika hali tofauti, na tofauti hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya: kati yake na hali ya hewa iliyochafuka kuna kitu ambacho kiko mikononi mwa watu wa hapa. Kitu hicho ni kinamasi kizima.

Kinamasi kizima hufanya kazi kama godoro la sponji. Mvua ikija kwa kishindo, ndago, matete, mafunjo na udongo mweusi wa chini huinywa na kuitawanya, hivyo maji hupanda kidogo kidogo badala ya kuruka. Jua likija, godoro hilo huachilia kilichomo taratibu, wiki baada ya wiki. Kwa maneno mengine, hulainisha makali ya pande zote mbili, na ndege aliye katikati yake hupata ile miezi minne. Kinamasi kilichochimbwa mtaro hupoteza uwezo huo kwa pande zote mbili pia. Kikinyeshewa hujaa ghafla kwa sababu udongo umeshikana na majani yamekwisha. Kikipigwa jua hukauka haraka kwa sababu mtaro unaendelea kutoa maji mchana na usiku. Mwenye kusema kwamba korongo anaangamizwa na mabadiliko ya tabianchi peke yake anawapa udhuru wenye majembe. Na mwenye kusema ni majembe peke yake hajaona mvua ya 2019.

Sasa tazama vinamasi vya kaunti hizi mbili vilivyo leo. Trans Nzoia iliwahi kuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na bondeni kulikuwa hakuguswi kwa sababu trekta ilikuwa na ardhi kavu ya kutosha. Baada ya uhuru mashamba yakagawanywa kwa wananchi, jambo la haki. Kisha baba akawagawia wana, wana wakawagawia wao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Trans Nzoia na 1,670,570 katika Bungoma. Ekari hamsini za babu zimekuwa robo ekari za wajukuu, na robo ekari ya mwisho, ile ambayo hakuna aliyeitaka, ndiyo iliyo bondeni.

Mwenye robo hiyo anafanya nini? Anachimba mtaro katikati ili maji yateremke mtoni. Anachoma matete Januari. Anapanda nduma kwenye unyevu, sukuma wiki kwenye matuta, na mahindi mahali palipokauka kabisa, nayo humpa mavuno mazuri ya mwaka wa kwanza na wa pili kwa sababu udongo ule umerundika rutuba kwa karne nyingi. Pembeni, kijana wake anafyatua matofali kwa udongo wa mfinyanzi. Ukingoni amepanda mikaratusi, ambayo akiitunza miaka minane au kumi atauza nguzo za stima, na mti huo unajulikana kwa kiu yake. Hakuna kati ya hayo linalofanywa kwa ubaya. Ni karo ya shule, ni unga, ni paa la mabati. Lakini mwisho wake ni kwamba jozi ya korongo inaporudi mahali ilipotaga mwaka uliopita hukuta matuta.

Wengine hujaribu hata hivyo. Hujenga kwenye kipande kilichobaki, upana wa uwanja wa mpira au pungufu, maji ya kifundoni. Hapo mbwa wa nyumba tatu za karibu wanafika bila kulowa tumbo. Ng'ombe wanaotafuta nyasi mbichi msimu wa ukavu wanaingia. Kifaranga akionekana, kuna anayejua mtu wa kumnunua, kwa maana korongo taji hupendeza kwenye bustani ya hoteli au boma la tajiri. Akivuka hayo yote na kujifunza kuruka, bado kuna nyaya za stima zilizopita juu ya bonde na mbegu za mahindi zilizopakwa dawa wakati wa kupanda.

Hesabu ya nchi inaonyesha matokeo. Katika miaka ya 1980 korongo taji wa Kenya walikadiriwa kuwa makumi ya maelfu, na Afrika nzima ilikuwa na zaidi ya 100,000. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, lilimwingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2019 wataalamu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wao walizunguka nchi yote katika sensa ya kwanza ya aina hiyo, na idadi waliyoipata haikufika 8,000. Kwa ndege ambaye kila mzee wa Kitale anamkumbuka akiwa makundi makundi, hesabu hiyo inatisha.

Maji yanayotoka mbio katika vinamasi hivi hayaishii hewani. Mto Nzoia hukusanya vijito vya Cherangani na vya Mlima Elgon, hupita Trans Nzoia, huanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, huendelea hadi Mumias, kisha huingia Ziwa Viktoria kupitia Budalangi. Kila mtaro uliochimbwa Saboti au Kimilili unaharakisha safari ya maji kuelekea huko chini, ambako tuta likipasuka familia huhamia kwenye mahema shuleni. Mtu wa Budalangi anayelaumu mvua ana haki, na angekuwa na haki pia ya kuuliza vinamasi vya juu vimekwenda wapi.

Mfano wa nchi iliyouliza swali hilo kwa uzito upo, nao hauko mbali. Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi kiitwacho Rugezi, kilicho juu milimani. Maji yake huingia Ziwa Burera, na kutoka Burera huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka kabla ya kufika Ziwa Ruhondo. Kwa miaka mingi watu walichimba mitaro Rugezi wakalima, na milima inayokizunguka ikamwaga udongo ndani yake. Ulipokuja ukame mwanzoni mwa miaka ya 2000, godoro lilikuwa halina maji ya kutoa. Ziwa likashuka kwa mita kadhaa, Ntaruka ikadhoofika, na kufikia 2004 Kigali ilikuwa ikikaa gizani huku serikali ikikodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Hapo ndipo kinamasi kilipogeuka kutoka habari ya ndege na kuwa habari ya baraza la mawaziri.

Serikali ya Rwanda ilipiga marufuku kilimo ndani ya Rugezi, ikapanda ukanda wa mianzi na majani kuzunguka kingo zake, ikahimiza matuta ya kuzuia udongo milimani, na Desemba 2005 ikakiorodhesha chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu. Maji yalirudi. Mwaka 2010 nchi hiyo ikatuzwa kimataifa kwa kazi hiyo. Ni lazima kusema pia kwamba waliotolewa humo walikuwa wakulima maskini waliopoteza viazi na mapato ya majani, na njia zao mpya za riziki hazikufika kwa kasi ile ile ya amri. Anayetaka kuiga Rwanda aige pia kwa kurekebisha hapo.

Korongo taji ni mmoja wa walionufaika. Rugezi ni kati ya makao makubwa ya ndege huyo nchini Rwanda, na kazi ya kinamasi iliungana na nyingine iliyoongozwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, aliyewashawishi wenye korongo majumbani na hotelini kuwatoa bila kuadhibiwa. Wale wenye mbawa nzima walirudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera. Waliokatwa mbawa wakawekwa katika kinamasi kilichofufuliwa jijini Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 wa porini katika Rwanda yote. Mwaka 2022 walikuwa wamepita 1,000. Ni nchi ndogo kuliko mikoa kadhaa ya zamani ya Kenya, yenye msongamano wa watu unaoishinda Trans Nzoia.

Kitale yenyewe haikosi mahali pa kuanzia. Kilomita ishirini na kitu kutoka mjini, pembeni ya barabara ya Kapenguria, iko Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka. Ina kilomita za mraba 3 hivi na hakuna hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo nchini. Mgeni hutembea kwa miguu juu ya njia za mbao na kupanda minara ya kuchungulia, na asubuhi na mapema sauti nzito ya korongo, silabi mbili zinazovuma kutoka kwenye kifuko chekundu cha kooni, husikika kabla ndege mwenyewe hajaonekana ukunguni. Saiwa ni ushahidi kwamba ndago na matete vikiachwa, ndege hubaki. Ni ushahidi pia wa udogo wake. Maji yanayoingia humo yametoka mashambani mwa watu, na ua la hifadhi halizuii udongo wala mbolea wala mtaro wa jirani.

Ndiyo maana kazi yenye maana zaidi ilianza nje ya ua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanakijiji wa Kipsaina, wakiongozwa na Maurice Wanjala, waliunda kikundi cha kuhifadhi korongo na vinamasi. Walianza na vitalu vya miche ya asili kwa ajili ya kingo za mto, wakaongeza mabwawa ya samaki na mizinga ya nyuki ili bonde liingize pesa likiwa bado na maji, wakaingia shuleni kuzungumza na watoto, ambao ndio huokota mayai. Fikra iliyo nyuma ya kazi hiyo ni ya kiuchumi kuliko ya huruma: bwawa la samaki linahitaji maji yakae, mtaro unayataka yaondoke, na mkulima mwenye samaki bondeni hatakubali jirani yake atoboe tuta. Kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya, hakuna mradi wa ofisini uliowahi kuieleza tabianchi kwa mkulima vizuri kuliko hivyo.

Sheria nazo zipo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1990. Mwaka 2009 zilitoka kanuni za kusimamia ardhioevu, kingo za mito na fukwe, chini ya sheria ya mazingira, na mwaka huo huo Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji na vinamasi. Agizo hilo lilizua kelele, miti michache ikakatwa, mingi ikabaki, na mingine imepandwa tangu hapo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumkamata au kumfuga ndege wa porini bila kibali. Kinachopungua ni mtu wa kwenda bondeni na kuonyesha mpaka uko wapi, na serikali za kaunti mbili hizi, zinazotoza ada sokoni na kugawa mbegu na mbolea, zinaweza kuweka mipaka hiyo kwenye ramani zao za ardhi na kuwalipa vijana wa vijiji kuilinda. Mwakilishi wa wadi anayekuja kuomba kura aulizwe hilo kabla ya kuulizwa habari ya barabara.

Na mkulima asingoje wadi. Mvua zikipungua Oktoba na Novemba, mwenye mtaro bondeni anaweza kuuziba kwa magunia ya udongo mahali maji yanapotokea, halafu aufungue Machi kabla ya kupanda. Atapoteza kipande kidogo cha mboga za ukavu. Atapata kisima kisichokauka na majani ya ng'ombe Februari. Anayechoma matete aache kipande katikati, kile chenye maji mengi zaidi. Mbwa wafungwe mchana katika miezi hiyo. Mikaratusi ikishavunwa, visiki vilivyo ukingoni visiachwe kuchipua tena. Pandwe mianzi au miti ya asili ya mtoni.

Ukikiona kiota msimu huu, usikisogelee na usimwonyeshe mtu usiyemwamini. Andika tarehe, jina la kijiji na idadi ya ndege uliowaona, kisha upeleke taarifa kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, pale Saiwa, au kwa Makumbusho ya Kitale mjini. Hesabu miezi minne kutoka siku hiyo, na kwa miezi hiyo minne uyaache maji yake yakae.